Kioo cha Zena

Alunguli, baada ya adhuhuri

Mwanangu Ramazani,

Salamu tulipeana asubuhi, ukaniitikia mdomo umejaa muhogo, kwa hiyo leo naziruka. Umevuka mto kwenda Kasuku kuwaaga wenzako, nami nataka nimalize kuandika kabla mtumbwi haujakurudisha. Naandika kwa herufi zile za Kiarabu ulizosomea chuoni, za kutoka kulia, kwa sababu ulinieleza kwamba huko shuleni barua hufunguliwa na wakubwa kabla ya mwenyewe. Hii ukienda nayo, wakiifungua wataona mistari tu.

Mambo ya sabuni, ya shuka, ya maji ya kuchemsha, shangazi yako amekuimbia wiki nzima na sina la kuongeza. Hata ile tai uliyoifunga shingoni tangu juzi kama mtu anayekwenda kuoa, sitaisema. Nina jambo moja tu, na ninaliogopa. Nimekaa na kalamu hii tangu umeondoka, nikafagia uani mara mbili ambako hakukuwa na uchafu, nikarudi, nikakaa tena.

Unakumbuka wiki iliyopita uliponisomea barua ya shule ya Léopoldville? Uliisoma kwa Kifaransa kwanza, ili nisikie utamu wake, kisha ukanigeuzia kwa maneno yetu. Ulisema wamekukubali katika masomo ya picha, kwamba picha nne kati ya tano ulizopeleka ni za mtu anayejifunza, lakini ile ya tano, ya mwanamke na beseni, imewashangaza walimu. Ukasema wanataka kuichapa katika gazeti lao la picha, lile linalofika miji yote. Nikakuuliza, "Mwanamke gani?" Ukanijibu, "Ile ya mu sanduku ya baba, mama. Kioo ilikuwa chini kabisa, imefungwa na kitambaa. Nilichapa karatasi moja."

Nikainuka nikasema mboga inaungua. Mboga yenyewe sikuwa nimeibandika.

Wewe ulidhani ni kazi ya marehemu baba yako, na kwamba mtoto kutumia kazi ya babaye si kosa kubwa. Ramazani, picha ile niliipiga mimi. Mwanamke yule anaitwa Zena, na mtoto aliyekuwa mgongoni mwake, ambaye haonekani ila kidole kimoja kinachovuta kanga yake, ni wewe.

Nikueleze tangu mwanzo, maana hukuwahi kuelezwa.

Baba yako alipofungua chumba chake cha picha kule Kasuku, wateja wake walikuwa makarani, askari, watu wanaotaka picha ya kitabu cha kipande, na Wazungu wachache. Wanawake wa Kiislamu wa mji huu hawakuwa tayari kukaa mbele ya mwanamume aliyejificha chini ya kitambaa cheusi akiwatazama kwa jicho moja. Lakini picha walizitaka. Waume zao walikuwa migodini Kampene, au kwenye treni, au kwenye meli, na mwanamke alitaka akumbukwe huko aliko mumewe. Basi baba yako akanifundisha mimi. Akanifundisha kupanga kamera, kuhesabu kimoyomoyo, kufunika, kuosha kioo katika dawa. Siku za Alhamisi nilikuwa nikiwapiga picha hapa Alunguli, ndani ya ua wetu huu, shuka jeupe limetundikwa ukutani, na mlango umefungwa kwa komeo.

Wanawake wenyewe ndio waliotoa sharti. Picha ikishachapwa, karatasi moja, kioo kinavunjwa. Kinavunjwa mbele yake, juu ya lile jiwe la kufulia, na vipande anavikusanya yeye kwa mkono wake na kuvitumbukiza chooni. Kioo ndicho mama wa picha, wewe unajua, kikibaki kinaweza kuzaa karatasi nyingine hata mia. Mwanamke hakuwa akiondoka hapa mpaka asikie mlio wa kuvunjika. Kwa mlio ule waliniamini, wakaja kutoka Kasuku, wakaja mpaka kutoka Kibombo.

Zena alikuwa jirani yetu, mlango wa tatu. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kucheka na mzito wa kununa. Alikupenda sana. Siku za picha alikubeba yeye, ili mikono yangu iwe huru. Mumewe alikuwa mgodini Kampene mwaka wa pili, na Zena alitaka kumpelekea picha kwa mkono wa dereva wa lori. Alhamisi hiyo alikuwa ametoka kuosha nywele. Alikaa karibu na beseni, kanga begani, nywele zimemwagika bado zinatiririka maji, akaniambia, "Ngoja kwanza nijifunike." Na hapo wewe ukamvuta kanga kutoka nyuma. Akageuka kukutazama, akacheka, na mimi nikafungua kamera.

Nilijua palepale. Sijui nikuelezeje, lakini wewe umeshaanza kazi hii na utafika siku hiyo. Mkono unajua kabla ya jicho. Nilipoitoa kwenye dawa, nikaishika kwenye taa nyekundu, nikaona ile shingo, ile nusu ya kicheko, matone yamesimama hewani kwenye ncha za nywele, nikakaa chini sakafuni. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ninaweza kitu chochote zaidi ya kupika.

Zena alipenda karatasi yake. Akasema, "Akiona hii, bwana yangu atakumbuka njia ya nyumbani. Lakini muntu mwengine asinione hivi, Mama Rama. Vunja kioo."

Nikaingia chumba cha giza nikatoka na kioo. Hakikuwa chake. Kilikuwa cha karani mmoja aliyefumba macho wakati wa kupigwa, kilikuwa kimeharibika, kimekaa kwenye kisanduku cha vya kutupwa. Nikakiweka juu ya jiwe nikakipiga nyundo. Zena akainama, akakusanya vipande vya uso wa karani yule, akavitumbukiza chooni, akanawa mikono, akaniaga. Mimi nikabaki nimesimama na nyundo.

Nilijiambia sitamwonyesha mtu. Na kweli, sikumwonyesha hata baba yako. Hilo ndilo lililoniangusha, maana kama ningemwambia siri ya kioo kile asingefanya alichofanya. Alikikuta kioo akitafuta dawa, akakichapa, akakitazama, na alipokuwa ameitundika karatasi ikauke akaja Mzungu mmoja wa kampuni kuchukua picha zake. Mzungu akaisifu. Baba yako, mtu mpole ambaye alipenda kusifiwa kama mimi na kama wewe, akampa; mwenyewe alinieleza baadaye.

Ikapita mvua moja, kikapita kiangazi. Siku moja duka moja kule Kasuku likaanza kuuza kadi za posta mpya, za kutoka Ulaya, na Zena wetu alikuwa kwenye moja ya mafungu yale, nywele zake wazi, anacheka. Chini yake waliandika kwa Kifaransa, "Mwanamke wa Maniema," yaani wa huku kwetu tu. Jina lake hawakuwa nalo, na hawakulitafuta.

Kadi moja ilifika Kampene kabla sijapata hata la kusema. Mumewe aliiona ukutani kwa mkubwa wake wa kazi alipopeleka mzigo. Wenzake walikuwa pamoja naye. Fikiria wewe mwenyewe, sitaki kuandika waliyoyasema.

Alirudi hapa mjini Kindu. Wakaitwa wazee, wakakaa sebuleni kwa amu yake Zena, kadi ikawekwa juu ya mkeka katikati. Mume akasema mkewe alivua kanga mbele ya Mzungu. Zena hakulia. Alisema, "Mama Rama njo alinipiga. Ilikuwa mu uani yake, mulango ulifungwa, mwanaume hakukuwa. Mumwite."

Nikaitwa. Nilikwenda nimekubeba, maana hukutaka kubaki. Ulipomwona Zena ukamnyoshea mikono akupokee. Mzee mmoja akaniuliza, taratibu kabisa, kama kweli nilipiga picha ile na kama kweli kioo kilivunjwa. Zena akanitazama bila wasiwasi wowote. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha, shahidi alikuwa amefika.

Nami nikasema, "Miye kioo ya Zena nilivunja. Yeye mwenyewe alitupa vipande. Ile karte, sijue inatoka wapi."

Unaelewa nilichofanya? Kama kioo changu kilivunjwa, basi ile kadi ilitoka kwa kamera nyingine, na kamera nyingine mjini mbali na yetu ilikuwa mikononi mwa Wazungu. Maneno yangu yalimvua kanga mbele ya watu wote wale. Mume wake akatoa talaka tatu hapohapo. Zena aliinuka, akapita karibu yangu, akakushika kile kidole chako, akasema, "Haya, Mama Rama." Basi. Miaka kumi na sita nimesikia "haya" ile.

Nimejaribu kujitetea mbele yako humu kichwani tangu uliponisomea barua ile. Kwamba wanawake wote wangefunga milango, kwamba baba yako angeaibika, kwamba wewe ulikuwa mdogo. Yote ni kweli na hayana maana. Niliogopa. Niliona macho ya wazee yananielekea nikaona afadhali yamwelekee mwingine.

Zena alikwenda kwa mama yake Kibombo. Anauza mchele karibu na stesheni, hakuolewa tena. Wanawake wanaoshuka kwenye treni huniletea habari zake bila kujua wanamletea nani. Mimi baada ya siku ile sikupiga tena, nikasema macho yananiuma. Baba yako hakuniuliza kitu mpaka anakufa, na nadhani alijua kwa nini niliacha.

Utauliza kwa nini kioo sikukivunja hata baada ya hayo. Nilijaribu. Nilikiweka juu ya jiwe mara tatu. Mara zote nilikitazama kwanza, na hilo ndilo kosa, ukishakitazama huwezi. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyofanya kwa mikono hii. Nikakifunga kitambaa nikakizika chini kabisa ndani ya sanduku la baba yako, nikadhani nimekizika. Kumbe nilikuwa nimekuwekea wewe.

Sasa niseme habari ya hizo shule zako mbili, kwa sababu uliniachia nichague, ukasema, "Mama njo atasema." Nami nimezunguka wiki nzima, leo nasifu ya Léo, kesho ya Élisabethville, mpaka ukanicheka, ukaenda kukata tiketi ya Léo. Sikuwa napima shule. Nilikuwa natafuta ile ambayo haitanilazimisha kuandika barua hii.

Ya Élisabethville ni ya wamisionari. Nao wamekukubali, ila waliandika kwamba katika picha yako ya mto mstari wa maji umelala upande na kwamba unakata mikono ya watu ukingoni mwa picha. Ulinuna siku mbili. Mimi nilifurahi, maana mikono unakata kweli, na nilitaka kukuambia tangu mwaka jana ila nilikuwa nimekwisha jifanya mtu asiyejua picha. Lakini wanauliza jina lako la ubatizo, na wewe huna, na naogopa siku watakapokupa moja ukalizoea. Ya Léo haiulizi jina. Ina vyombo vipya, ina chumba cha giza chenye maji ya bomba. Na inataka uso wa Zena.

Hofu yangu ni hii, niiseme wazi. Gazeti lile likichapwa litapanda treni. Litafika Kampene, litafika Kibombo, litafungiwa karanga pale stesheni. Zena ataishika sura yake kwa mara ya pili, na safari hii mwenye jina chini yake atakuwa mtoto aliyembeba mgongoni. Naogopa pia kwamba utaingia shuleni kwa picha ambayo si yako, ukasifiwa, na sifa zile zikakufunga mdomo kama zilivyonifunga mimi. Sikukemei. Wewe ulitoa kioo cha mwenzio ukasema ni chako, mimi nilivunja kioo cha karani nikasema ni cha Zena. Tumefanana mpaka nimeogopa.

Tiketi yako ya meli umeshaikata na sitakuzuia. Nenda Léo. Ukifika, kabla hujafungua sanduku, mwone mwalimu aliyeandika barua ile. Mwambie picha ya tano ilipigwa na mama yako, na kwamba mwanamke aliyepigwa hajakubali, isichapwe mpaka neno lake litoke. Utataka kuacha katikati. Usiache. Kisha sikiliza atakavyojibu, na jibu lile ndilo litakalokuchagulia shule. Akikurudishia karatasi ile, au akiifungia kabatini, kaa hapo, hata kama watakurudisha darasa la chini kwa sababu picha zako nyingine nne ni za mtu anayejifunza. Jifunze basi. Akikuambia kwamba karatasi imeshakuwa mali yao na mwanamke mwenyewe ni nani hata aulizwe, panda meli urudi. Barua ya Élisabethville nimeibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako, na habari ya jina tutaihangaikia pamoja.

Unaweza kupoteza vyote viwili. Najua. Usiku huu ukinichukia sitashangaa.

Mimi nimeamua la kwangu. Mwanzoni nilitaka kukupa kioo hiki ukipeleke Kibombo wewe, na nikaandika hivyo kwenye karatasi nyingine, nikaichana. Kumbe hata leo nilikuwa natafuta mtu wa kusimama mahali pangu. Treni ya Kibombo inatoka kesho alfajiri, kabla ya meli yako. Ndiyo maana unaporudi hunikuti: navuka alasiri hii nilale kwa dada yangu karibu na stesheni. Nimekifunga kioo kwenye kanga. Nitampa Zena mkononi, na nyundo nimeichukua ile ile. Akitaka kukivunja, akivunje mwenyewe akikitazama. Akitaka kukiweka, ni chake. Akisema gazeti lichape, nitakuandikia. Na kama mumewe wa zamani yuko hai, na wazee wawili waliobaki wakikubali kukaa tena, nitasema mbele yao nilichopaswa kusema nikiwa nimekubeba. Ninaogopa, Rama. Sijui atanifungulia mlango. Sijui nitatamka neno gani la kwanza, kwa sababu "samahani" imekuwa ndogo kwa miaka hii yote.

Kwa dada yangu unapajua. Ukitaka kuja usiku huu, njoo, hata kama ni kunigombeza. Usipokuja nitaelewa, na hutaniona gatini.

Neno la mwisho. Unakumbuka Jumatatu nilipokuambia ukae kwenye kigoda uani, nikashika kamera ya baba yako, ukashangaa kwamba najua kuifungua? Ulidhani nabahatisha. Imetoka vizuri. Mikono yako imeingia yote miwili. Nimechapa karatasi moja, ninayo hapa kifuani. Kioo chenyewe nimekufungia ndani ya shati lako jeupe, katikati ya sanduku ambapo hakitagongwa. Ni chako, kiweke au kivunje. Nikitamani karatasi ya pili nitakuandikia kukuomba.

Mama yako,
Aziza